Nyuki Mmoja, Mkonge Mmoja: Tunahesabu Nini?

Kuhesabu mbuzi ni rahisi. Hata mtoto wa chekechea ataangalia zizini na kusema ni wanne. Kila mbuzi ana kichwa chake na uhai wake; mmoja akichinjwa, wenzake wanaendelea kula majani. Lakini kuna viumbe ambavyo ukiulizwa ni vingapi, utakuna kichwa. Nitaeleza viwili tu, vya huku kwetu Kithimani: nyuki na mkonge.

Kwanza, nyuki. Katika mzinga, ambao kwa Kikamba tunauita mwatu, malkia ni mmoja na vibarua ni maelfu. Kibarua kwa kawaida hazai. Akimdunga mtu, mwiba hukwama ngozini, matumbo yakachomoka, naye akafa. Mnyama gani anakubali kufa ovyo hivyo? Ni kwa sababu kibarua yuko kama ukucha kwenye kidole: ukikatika, mwili hauanguki. Anayezaa hasa ni mzinga mzima. Ukijaa, malkia huondoka na kundi kubwa, huku nyuma akalelewa malkia mwingine. Basi mzinga mmoja umezaa wa pili. Mwaka wa 1911, Mmarekani William Morton Wheeler aliandika kwamba kundi zima la chungu ni kiumbe kimoja kamili. Nyuki nao ni vivyo hivyo.

Pili, mkonge, ule tunaoupanda kuwa ua. Hutoa maua mara moja tu, kisha hufa. Kabla ya kufa, vitoto vingi huota juu kwenye mlingoti wake, na vingine huchipuka chini. Vitoto hivi havikutoka kwenye mbegu, wala havina baba. Ni mama yule yule amejigawa! Mwaka wa 1893, Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu, na hiyo ndiyo iliyoanzisha mashamba makubwa ya Tanganyika.

Mwingereza Thomas Huxley alisema mwaka wa 1852 kwamba kiumbe kimoja ni vyote vilivyotokana na yai moja lililorutubishwa. Kwa kipimo hicho, ua mzima waweza kuwa mmea mmoja. Lakini hebu kata mkonge mmoja: jirani yake hana habari!

Kwa maoni yangu, tuulize hivi: ni kitu gani kinachoishi, kuzaa na kufa kwa pamoja? Kwa nyuki ni mzinga. Kwa mkonge ni kila shina, hata kama yote yamefanana kama shilingi kwa ya pili.

Haya si maneno ya darasani tu. Mrina asali anayetumia moto badala ya moshi husema ati ameua nyuki wachache. Tusidanganyane! Malkia akiungua pamoja na majana, vibarua hawana tena wa kumlea awe malkia mpya. Hata wakibaki elfu kumi, wanahesabu siku tu. Ameua mmoja, na huyo mmoja ni mzinga wote. Naye mwenye ua wa mkonge akumbuke kwamba ugonjwa unaoliweza shina moja unaweza kuyamaliza yote, kwani udhaifu wao ni mmoja.

Je, migomba ya kwenu ni mingapi? Ihesabu, kisha uje tubishane.

Mwandishi ni mwanafunzi wa Kidato cha Tatu.