Kutoka Busia hadi Hangzhou: Mabingwa wa Baiskeli za Kushiriki

Eldoret ilitawazwa kuwa jiji tarehe 15 Agosti 2024, la tano nchini Kenya, na jiji likishatawazwa lina haki ya kujipima na wakubwa wa dunia. Shindano la leo ni la baiskeli za kushiriki: unaichukua hapa, unaiacha kule, mwenzako anaipanda.

1. Kongwe kuliko zote

Amsterdam, 1965. Vijana wa kundi la Provo walipaka baiskeli rangi nyeupe wakaziacha barabarani, anayetaka apande. Polisi wakazichukua kwa sababu hazikuwa na kufuli! Lakini nasi hatukuwa tumelala. Miaka hiyohiyo ya 60, mpakani Busia, vijana walikuwa wakivusha abiria kwenye keria kati ya Kenya na Uganda, wakiita "boda, boda". Baiskeli moja ikitumikia mji mzima siku nzima: mimi naihesabu.

2. Jeshi kubwa

Hangzhou, China, ilianza 2008, na kufikia 2013 ilikuwa na baiskeli zipatazo 66,500. Sensa ya 2019 iliwahesabu wakazi wa Eldoret kuwa 475,716. Baiskeli hizo zingeletwa hapa zote, gawanya: baiskeli moja kwa kila watu saba. Matatu ya abiria 14 ikijaa, baiskeli mbili zingekuwa zinaingoja stejini. Na huko Hangzhou saa ya kwanza ni bure.

3. Kasi

Sheria za Ulaya huzima msaada wa mota ya baiskeli ya umeme ikifika kilomita 25 kwa saa. Tarehe 12 Oktoba 2019, mjini Vienna, Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42.195 kwa saa 1:59:40, yaani zaidi ya kilomita 21 kwa saa. Baiskeli hiyo ikienda kasi yake yote bila kupumzika ingemaliza kwa saa 1:41. Mota na betri dhidi ya miguu iliyonolewa Kaptagat, na tofauti ni dakika 18 tu!

4. Ufunguo mwepesi

Hili ndilo shindano ninalolijali zaidi. Unahitaji kuwa na nini ndipo baiskeli ifunguke? Amsterdam: hakuna. Copenhagen, 1995: sarafu ya kroner 20, unarudishiwa ukirudisha baiskeli. Paris, Vélib', Julai 2007: kadi ya benki na dhamana ya yuro 150. Miezi minne kabla yake, Machi 2007, M-Pesa ilikuwa imezinduliwa Kenya, ikitumika hata kwenye simu ya kawaida.

Sasa mtazame mama mboga wa mtaa wa West Indies, hapa Eldoret. Simu yake ni kabambe, ile ya vitufe, imefungwa mpira ili betri isichomoke. Kwa simu hiyo anapokea malipo ya sukuma, analipa karo, anamtumia mama yake nauli. Paris ya 2007 ingemfungia nje. New York imejaribu kumfikiria mtu kama yeye: wanaoishi katika nyumba za umma na wanaopokea msaada wa serikali wa chakula hulipa dola 5 kwa mwezi kutumia Citi Bike. Ukiacha Amsterdam, bado kabambe ingewashinda wote. Kituo cha kwanza cha Eldoret kiwe West Indies, na kifunguke kwa kubonyeza nyota na reli.

5. Juu zaidi

Kigali walizindua baiskeli za Guraride mwaka 2021, kwenye mita 1,500 hivi juu ya bahari. Eldoret ni kama mita 2,100. Ukitaka kuziba pengo hilo, pandanisha karibu majengo sita ya KICC. Taji hili la Afrika Mashariki linatungoja.

6. Mruko mkubwa

Kati ya 1986 na 1989, Kenya ilishusha kodi ya kuingiza baiskeli kutoka asilimia 80 hadi 20. Mauzo yanatajwa kupanda kwa asilimia 1,500: palipouzwa moja, zikauzwa 16! Hakuna kadi, hakuna dhamana. Na baiskeli za Black Mamba bado zinaingia Eldoret alfajiri, mitungi ya maziwa imekazwa kwenye keria kwa raba ya tyubu.