Vikadi vya Zawadi kwa Mtindo wa Kanga

Jioni za baridi hapa Hilliard ni ndefu. Wape watoto kazi ya mikono. Chukueni boksi tupu la biskuti, kateni vikadi vya sentimita 5 kwa 10, toboeni tundu pembeni, pitisheni uzi. Kisha vipambeni kama kanga: pindo kuzunguka, mji katikati, na chini jina, yaani ule ujumbe.

Hapo kwenye jina ndipo penye faida. Watoto wetu wengi wanasikia Kiswahili lakini hawakiandiki. Barua itawashinda, maneno mawili, “Wema hauozi”, hayawashindi. Mwache mtoto achague ujumbe, auandike kwa mkono wake, akifunge kikadi kwenye zawadi inayokwenda kwa bibi nyumbani. Karatasi ya zawadi bibi ataitupa, kikadi atakiweka.