Sanamu maarufu ndani ya gemu: Cha Wanyamwezi kiko wapi?

Kama umewahi kucheza Animal Crossing: New Horizons, gemu lililotoka Machi 2020, basi unamfahamu Redd. Ni mbweha mjanja anayekuja na meli kukuuzia kazi za sanaa. Zipo 43, na 13 kati yake ni sanamu na vitu vya kale vilivyopo kweli duniani.

Orijino au feki?

Redd anauza na feki. Sanamu ya Daudi ya Michelangelo ikiwa imeshika kitabu, umepigwa. Nefertiti akiwa na hereni, umepigwa tena. Ukiipeleka makumbusho, bundi anayesimamia anaikataa. Ndiyo maana mchezaji anajifunza kuangalia kwa makini, bila mwalimu wala mtihani.

Afrika imo?

Imo kidogo. Kati ya hizo 13, mbili tu zimetoka Afrika, zote Misri: Nefertiti, ambaye yuko Berlin, na Jiwe la Rosetta, ambalo liko London.

Na Tabora je?

Mafundi wa Kinyamwezi walichonga viti vya enzi vya watemi kwa mbao, vyenye egemeo refu na umbo la mtu nyuma yake. Kimoja, kutoka Buruku, kipo makumbusho ya Berlin. Kingine cha karne ya 19 kipo Metropolitan, New York. Kijana wa Chemchem anaweza kumtambua Daudi feki kwa sekunde moja, lakini kiti cha babu zake hajawahi kukiona hata kwa picha.

Kuna gemu jingine

Juni 2025, studio ya Nyamakop ya Johannesburg ilitangaza Relooted. Humo unaingia kwenye makumbusho ya kubuni ya nchi za Magharibi na kurudisha vitu 70 vya Kiafrika ambavyo vipo kweli.

Gemu halirudishi kitu nyumbani, hilo lieleweke. Ila mtu hawezi kudai asichokijua. Kwa kuanzia, nenda Kwihara kwenye tembe la Livingstone, kisha muulize mzee wako mtemi wa kwenu alikalia kiti cha namna gani. Akikueleza, rekodi kwenye simu. Siku kijana wetu akitengeneza gemu la Unyanyembe, atahitaji maelezo hayo.