Mgongo wa Mpakizi na Msuli wa Ndani ya Tumbo

Sisi wa Buteba tuko kati ya Busia na Tororo, na mzigo tunaujua. Mfuko wa simiti ni kilo 50. Mpakizi huubeba begani mara nyingi kwa siku, na mkata miwa huinama tangu alfajiri. Kiuno kikiuma, wengi humeza vidonge na kurudi kazini.

Chini ya misuli ya tumbo inayoonekana kuna msuli mwingine mpana, unaozunguka kiuno kama mshipi. Mwaka 1996 wataalamu wa Australia, Paul Hodges na Carolyn Richardson, walipima watu wakiinua mkono tu. Kwa wasio na maumivu, msuli huo ulikaza kabla bega halijaanza kazi. Kwa wenye maumivu ya kiuno ulichelewa. Yaani kazi inafika mgongoni na mshipi haujafungwa.

Msuli huo hufundishika, tena bila senti. Lala chali mkekani, kunja magoti, nyayo zikae chini. Vuta pumzi, itoe, kisha ingiza ndani polepole sehemu ya chini ya kitovu. Mgongo usisogee, na endelea kupumua. Ukikaza kama mtu anayengoja ngumi, umekosea. Hesabu hadi 10, legeza, rudia mara 10. Ukizoea, fanya ukiwa umekaa, halafu umesimama, mwishowe ukiinua jembe. Huchukua wiki kadhaa.

Atakayewaambia kwamba mazoezi haya yanashinda yote anawadanganya. Majaribio mengi yalikusanywa na kupimwa pamoja mwaka 2016, ikaonekana hayazidi mazoezi mengine. Ubora wake ni kwamba hata aliyechoka anaweza kuyafanya. Lakini mwenye ganzi sehemu za siri, au asiyeweza kuzuia mkojo, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Wala mwajiri asilichukue gazeti hili akasema mgongo ni shauri la mfanyakazi mwenyewe. Sheria ya usalama na afya kazini ya Uganda ya 2006, na ile ya Kenya ya 2007, zinamwekea yeye wajibu. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwaka 1967 kwamba mwanamume asibebeshwe zaidi ya kilo 55, na mwanamke mzigo mwepesi zaidi. Watasema kilo 50 haijavuka. Hiyo ni kilo ya mfuko mmoja. Sisi tunazungumzia mfuko wa mwisho wa jioni. Wajumbe wa matawi, andikeni kila mpakizi amebeba mifuko mingapi kwa siku, mje na hesabu hiyo tunapokwenda kudai mikokoteni na mapumziko.