Ndege hatarini zaidi zinapokuwa karibu na ardhi

Na Mwandishi Wetu, Zanzibar

WAKAZI wengi wa Jang'ombe wamezoea ngurumo za ndege za Uwanja wa Abeid Amani Karume, Kiembe Samaki, kiasi cha kutoinua tena vichwa kuzitazama. Hata hivyo, ni katika dakika hizo chache za kuruka na kutua ndipo ndege huwa rahisi kutunguliwa, na mfano wa karibu ulitokea Mombasa.

Asubuhi ya Novemba 28, 2002, ndege aina ya Boeing 757 ya Shirika la Arkia la Israel, ikiwa na abiria 261, ilikuwa ndiyo kwanza imeruka kutoka Uwanja wa Moi iliporushiwa makombora mawili aina ya Strela-2. Yote yalikosa shabaha, na ndege ikatua salama Tel Aviv. Muda huo huo gari la mabomu lililipuliwa katika Hoteli ya Paradise, Kikambala, na kuua watu 13, kumi kati yao Wakenya, mbali ya washambuliaji.

Strela hubebwa begani na mtu mmoja. Uzito wake ni takriban kilo 15, na kombora lake hufuata joto la injini. Udhaifu wake ni kimo: ndege iliyopita mita 2,500 hivi haifikiwi tena. Kwa hiyo mshambuliaji hana budi kujificha jirani na uwanja, na ulinzi unaoishia kwenye uzio hautoshi. Mwaka 2003 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walieleza kwamba makombora ya Mombasa yalitoka Yemen, yakapitia Somalia na kuingizwa Kenya kwa njia ya bahari.

Ndege ya Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda haikunusurika. Iliondoka Dar es Salaam jioni ya Aprili 6, 1994, baada ya mkutano wa viongozi wa kanda, ikatunguliwa ikikaribia kutua Kigali. Watu wote 12 walikufa, akiwemo Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi. Nani aliyeitungua bado ni jambo linalobishaniwa. Mauaji ya kimbari yaliyofuata hayabishaniwi.

Makombora makubwa ya kijeshi ni suala jingine. Ndege ya Malaysia, MH17, ilipigwa Julai 17, 2014 mashariki ya Ukraine ikiwa kwenye kimo cha futi 33,000, wakafa watu 298. Ukraine ilikuwa imefunga anga hiyo hadi futi 32,000 tu. Kwa Mkataba wa Chicago wa 1944, kila nchi ndiyo yenye mamlaka juu ya anga yake, hata ikiwa vitani.

Mashirika ya ndege nayo huamua yenyewe. Mei 2003 British Airways ilisitisha safari zake za Kenya kwa wiki kadhaa kwa hofu ya shambulio. Zanzibar ilikuwa imekwishaguswa: Januari mwaka huo Uingereza iliwaonya raia wake kuhusu uwezekano wa ugaidi visiwani, onyo zito kwa uchumi unaotegemea watalii wanaoshuka Kiembe Samaki.