Kura ya Diwani Uingereza: Uamue kwa Lipi?

Mwezi Aprili, wiki chache kabla ya uchaguzi wa madiwani, vipeperushi huanza kumiminika kupitia tundu la barua mlangoni. Kimoja kina picha ya mgombea aliyesimama kando ya shimo la barabarani, akilinyooshea kidole. Kingine kina mchoro wa nguzo mbili ndefu na moja fupi, na chini yake maandishi makubwa: hapa ni sisi au wao, wengine hawana nafasi. Kichukue hicho cha pili ukisogeze karibu na taa. Mara nyingi utaona, kwa herufi ndogo mno, kwamba takwimu zilizochorwa ni za uchaguzi wa bunge, au za wilaya nzima, au za miaka kadhaa iliyopita. Za kata yako hazimo. Mtu aliyerudi kazini usiku, mkoba ungali begani, hasomi herufi hizo, na waliokichapisha wanalijua hilo.

Swali ninaloletewa na ndugu zetu walioko London, Milton Keynes, Reading na Leicester msimu huo ni moja tu: nimpe nani? Chama simtajii mtu. Kazi yangu ni bajeti za serikali za mitaa, na bajeti hizo zimenipa msimamo ninaoutetea kwa nguvu zote: diwani apimwe kwa fedha na maamuzi ya halmashauri yake, si kwa hasira au mapenzi tuliyonayo kwa waziri mkuu.

Waingereza wenyewe mara nyingi hawafanyi hivyo. Mei 2023 chama cha Conservative kilipoteza viti zaidi ya 1,000 vya udiwani, katika mwaka ambao wananchi walikuwa wamechoshwa na serikali yake kule Westminster. Mei 2025 Reform UK, chama ambacho kabla ya hapo hakikuwa kikiongoza halmashauri hata moja, kilitwaa 10 kwa mpigo, Kent ikiwamo. Kent ndiyo kaunti inayotazamana na Ufaransa, na habari ya mashua ndogo zinazovusha wahamiaji haikosekani vinywani mwa watu huko. Lakini halmashauri ya Kent haina mamlaka yoyote juu ya mpaka. Mamlaka iliyonayo ni ya kuwalea watoto wanaofika Dover peke yao bila mzazi, na huo ni wajibu wa kisheria usioepukika. Kwa hiyo mgombea wa Kent akikueleza habari za mashua, muulize kuhusu watoto hao: nani atawapa makazi, nani atawapeleka shule, na kwa fungu lipi? Jibu lake litakuonyesha kama anaijua kazi anayoiomba.

Kabla ya kupima mtu, basi, jua kiti anachokitaka kina madaraka gani. London, na katika miji mikubwa kama Birmingham na Manchester, halmashauri moja hushika karibu kila kitu: taka, nyumba, maktaba, vibali vya ujenzi, matunzo ya wazee, ulinzi wa watoto. Lakini sehemu nyingi za mashambani England zina ngazi mbili. Wilaya huzoa taka na kutoa vibali vya ujenzi. Kaunti hushika barabara, shule na matunzo. Serikali ilitangaza Desemba 2024 kwamba inataka kuziunganisha ngazi hizo, na mageuzi hayo huenda kwa awamu. Mahali ambapo ngazi mbili bado zipo, mgombea wa wilaya anayepiga picha kwenye shimo la barabara anakuahidi kitu kilicho mikononi mwa watu wengine. Hata London, barabara kuu na mabasi ni kazi ya meya wa jiji zima, si ya diwani wako.

Ukiulizia fedha zinakokwenda, wengi hushangaa. Watu huiona halmashauri kupitia pipa la taka, kwa sababu pipa ndilo wanalokutana nalo kila wiki. Katika halmashauri zenye jukumu la matunzo, sehemu kubwa ya bajeti, zaidi ya nusu, humezwa na wazee, watu wenye ulemavu na watoto walio hatarini. Ndugu zetu wengi wanalijua hilo kwa upande mwingine wa meza, maana ni wao wanaovaa sare na kwenda nyumba hadi nyumba kuwaogesha wazee asubuhi. Dakika ngapi zinalipwa kwa kila mzee, na kama muda wa njiani unalipwa au haulipwi, hutegemea kwa kiasi kikubwa mkataba ambao halmashauri imeingia na kampuni za matunzo. Mfanyakazi wa sekta hiyo ana sababu kubwa ya kupiga kura Mei kuliko karibu mtu mwingine yeyote mtaani, na inaniuma kuona ndiye anayekosekana kituoni.

Upande wa mapato, halmashauri imebanwa. Kaunsili taksi tunayolipa England bado inakadiriwa kwa thamani ambayo nyumba ingekuwa nayo Aprili 1991, hata kama nyumba yenyewe imejengwa juzi. Kwa kawaida halmashauri yenye jukumu la matunzo haiwezi kupandisha kodi hiyo kufikia asilimia 5 au zaidi kwa mwaka bila kuitisha kura ya maoni, au kupata ruhusa maalumu ya serikali kuu. Mgombea anayeahidi huduma zote zirudi kama zamani na kodi ishuke hajakueleza hesabu yake. Mwambie akueleze.

Hesabu zikiharibika, zinaharibika kweli. Sheria ina kifungu cha 114, ambacho humlazimu mkuu wa fedha wa halmashauri kutangaza kwamba matumizi yamezidi uwezo. Tangu hapo matumizi mapya husimamishwa, isipokuwa yale ya lazima kisheria. Croydon ilitangaza hivyo mwaka 2020, Thurrock Desemba 2022, Woking Juni 2023, Birmingham Septemba 2023. Birmingham ililemewa na madai ya malipo ya wanawake waliolipwa chini ya wanaume, na mfumo mpya wa kompyuta uliokwenda kombo. Wakazi wakapandishiwa kodi kwa karibu asilimia 10 mwaka 2024. Thurrock ilikopa mamilioni kwa mamia ikawekeza kwenye mashamba ya umeme wa jua. Woking, mji wa kawaida tu wa Surrey, ilijikuta na madeni ya takriban pauni bilioni 1.8 baada ya kukopa ili kujenga maghorofa na hoteli. Croydon na Birmingham zilikuwa chini ya Labour. Thurrock ilikuwa chini ya Conservative, na mikopo ya Woking ilichukuliwa chama hichohicho kikiongoza. Anayekuambia chama chake hakiwezi kufilisi halmashauri anakuuzia kitu ambacho hakipo.

Katika halmashauri hizo zote kulikuwa na karatasi zilizoweza kusomwa. Kwa sheria, ajenda ya kikao hutolewa siku tano za kazi kabla ya kikao. Kumbukumbu za vikao huwekwa kwenye tovuti ya halmashauri, pamoja na mahudhurio ya kila diwani na daftari la maslahi yake: kampuni anazomiliki, ardhi aliyo nayo, anayemwajiri. Tena kila mwaka, kwa siku 30 za kazi, vitabu vya hesabu hufunguliwa kwa umma, na mpiga kura yeyote wa eneo hilo anaweza kuvikagua na kumuuliza mkaguzi maswali. Ni haki kubwa ambayo haitumiki. Kama una jioni moja tu ya kuamua kura yako, usiimalizie kwenye vipeperushi. Fungua tovuti ya halmashauri, tafuta jina la diwani aliyeko madarakani, uone amehudhuria vikao vingapi na alipiga kura gani kwenye bajeti ya Februari au Machi.

Sheffield ni mfano ninaoupenda kwa sababu wananchi waliamka wakiwa wamechelewa, lakini waliamka. Mwaka 2012 halmashauri ilitia saini mkataba wa miaka 25, wa zaidi ya pauni bilioni 2, wa kutengeneza barabara. Ndani yake mlikuwa na ukataji wa miti ya mitaani. Watu walikuja kuelewa uzito wa jambo hilo misumeno ilipofika mbele ya nyumba zao. Wastaafu walisimama chini ya miti kuikinga kwa miili yao, na baadhi yao wakakamatwa na polisi. Zaidi ya miti 5,000 ilikuwa imeshaanguka kabla zoezi hilo halijasitishwa mwaka 2018. Mei 2021 Labour ilipoteza wingi wake katika halmashauri, na siku hiyohiyo wapiga kura waliamua kwa kura ya maoni kwamba mfumo wa madiwani wachache kufanya maamuzi yote uondolewe, kazi irudi kwenye kamati. Taarifa ya uchunguzi iliyotolewa mwaka 2023 iliilaumu halmashauri vikali, nayo ikaomba radhi.

Jambo linalowachanganya wengi ni namna kura zenyewe zinavyohesabiwa. Kata nyingi za miji ya England zina madiwani watatu. Wote watatu wakichaguliwa siku moja, kama inavyofanyika London, unapewa kura tatu, na wanaopata nyingi zaidi wanaingia. Si lazima uwape watu wa chama kimoja. Unaweza kumpa mmoja wa Labour, mmoja wa Green na mmoja mgombea binafsi, au kutumia kura moja tu. Watu wengi hawalijui hili, hushuka na safu nzima ya chama kimoja. Matokeo yake huwa ya kutisha kwa yeyote anayejali uwajibikaji: huko Newham, mashariki mwa London, Labour ilitwaa viti vyote 60 mwaka 2010, ikarudia 2014, ikarudia 2018. Mwaka 2022 wapinzani waliingia wawili. Oktoba 2024 msimamizi wa nyumba za umma aliipa Newham daraja la chini kabisa, akieleza kwamba kazi zaidi ya 9,000 za usalama wa moto katika nyumba zake zilikuwa zimepitiliza muda. Sisemi kwamba upinzani ungezima hatari hiyo. Nasema kikao kisicho na mtu wa kuuliza kwa uchungu ni kikao kibovu, na ningekuwa mkazi wa mahali kama hapo, kura moja kati ya tatu ningempa mtu wa kuuliza, hata kama nakipenda chama kinachotawala.

Scotland mambo ni tofauti. Huko unapanga wagombea kwa namba, 1, 2, 3, na kura yako ikishindwa kumfaa wa kwanza inahamia kwa wa pili. Nguzo za kwenye kipeperushi hazina nguvu huko. Mpange unayempenda kweli awe wa kwanza bila hofu. England hofu ina msingi, kwa sababu tofauti huwa ndogo. Northumberland mwaka 2017, kata ya South Blyth, wagombea wawili walilingana baada ya kura kuhesabiwa tena, wakaambiwa wachomoe vijiti. Mgombea wa Conservative akachomoa kifupi, na chama chake kikabaki na upungufu wa kiti kimoja tu cha kushika halmashauri nzima. Kwa kuwa katika chaguzi hizi huwa anajitokeza takriban mtu mmoja kati ya watatu, familia mbili tatu za mtaa mmoja zinaweza kugeuza matokeo.

Na familia hizo zinaweza kuwa zetu. Raia wa Kenya, Tanzania, Uganda au Rwanda anayeishi Uingereza kihalali ana haki ya kupiga kura hii, hata kama yuko kwa viza ya masomo au ya kazi, kwa sababu nchi hizo zimo katika Jumuiya ya Madola. Mkongo au Mrundi hana haki hiyo England mpaka apate uraia, ilhali Scotland na Wales zimeifungua kwa mgeni yeyote anayeishi kihalali. Kwa hiyo mkimbizi wa Kongo aliyepewa makazi Motherwell, Scotland, anamchagua diwani wake, na nduguye aliyeletwa Norwich, England, anatazama tu, ingawa wote wanalipa kodi ileile. Naliona hilo ni dhuluma, na walio na haki ya kura wangefaa kuwauliza wagombea wao wana msimamo gani juu yake.

Jiandikishe mapema, daftari hufungwa siku 12 za kazi kabla ya Alhamisi ya uchaguzi. England lazima uende na kitambulisho chenye picha, na pasipoti ya Kenya au Tanzania inakubaliwa, hata iliyokwisha muda, alimradi sura bado ni yako. Hakikisha majina ya kwenye daftari yanafanana na ya kwenye pasipoti, maana wengi wetu tuna majina matatu na tumezoea kuandika mawili. Ukikuta nje ya kituo watu wenye beji za vyama wakikuomba namba yako, hao si maofisa na hulazimiki kuwajibu.

Mgombea akigonga mlango kabla ya siku hiyo, mkaribishe na umuulize: bajeti ya mwaka huu ilipungukiwa kiasi gani, na wewe ungekata wapi? Asiyejua kiasi hajasoma bajeti. Anayejua kiasi lakini hasemi atakata wapi anakuficha. Akikutajia fungu lenyewe, hata kama ni maktaba unayoipenda, liandike pamoja na tarehe, ukamuulize tena kwenye kikao chake cha wakazi atakapokuwa amepata kiti.