Permi Iko Mfukoni, Lakini Mikono Je?

Kijana mmoja wa kanisa letu alikuja kwangu asubuhi na furaha tele. «Pasta, uniombee, nimepata permi!» Nikamwuliza: «Ulijifunza kwa nani?» Akacheka. Alitoa feza tu, mtihani hapana. Volani hakuwa ameishika hata siku moja, na juma lile alitaka kuomba kazi ya kuendesha kamio.

Ile permi sikuiombea. Lakini ndugu msomaji, usinihesabu mwenye haki. Kamioneti ya kwaya yetu tulikuwa tunamwachia kijana mwingine asiye na permi, juu eti «anajua kuendesha», na wamama wamekaa nyuma wamepakata watoto. Nani alimpa ufunguo? Ni mimi.

Sheria ya barabara ya 30 Agosti 1978 inaomba kila shofere awe na permi. Tangu 1973 sheria inaomba pia motoka iwe na asiransi, ili yule aliyegongwa asibaki na kilio tu. Karatasi hizi hazikuwekwa juu ya kusumbua watu.

Fikiri njia yetu ya Lubumbashi, Likasi mpaka Kolwezi, karibu kilometa 300. Kamio za shaba zinashuka Kasumbalesa, zingine zinapanda na mazuti na asidi. Zambia wanapita upande wa kushoto, sisi kuume. Shofere akivuka mpaka lazima ageuze akili yake yote. Tena motoka nyingi kwetu zilitengenezwa kwa inchi za kushoto, volani iko kuume. Akitaka kupita kamio ya mbele, haoni kitu mpaka nusu ya motoka imetoka. Kwa hiyo anauliza abiria wa kushoto: «Niende?» Mama anayepeleka kuku sokoni ndiye anakuwa macho ya shofere!

Na mbio? Ukienda kilometa 80 kwa saa, motoka inakula mita 22 kwa sekunde moja. Mguu wako haujafika kwenye freni, mita hizo zimekwisha. Kamio yenye mzigo inaomba nyingi zaidi. Mwezi wa pili 2019, kwenye kijiji cha Kabwe, kati ya Lubumbashi na Kolwezi, kamio yenye asidi iligongana na basi. Watu karibu 20 walikufa, na asidi iliunguza wengine.

Tunapenda kusema «ni shofere». Na patron aliyemtuma safari ya pili bila usingizi? Na baba anayempa mtoto wa miaka 14 pikipiki aende kununua mkate? Na wewe uliyepaza sauti ndani ya basi: «Shofere, kanyaga, tunachelewa!» Katika Kutoka 21, mwenye ng'ombe aliyeonywa kwamba ng'ombe wake ni mkali, naye hakumfunga, anahukumiwa naye.

Yule kijana alinikasirikia majuma mawili. Kiisha akakubali kuwa msaidizi wa shofere mzee mmoja, kuosha kamio, kubadilisha mipira, kujifunza alama. Mzee bado hajamruhusu kutoka na kamio kwenye njia kubwa.

Ufunguo wa kamioneti sasa uko kwangu. Jumapili iliyopita kwaya ilitembea kilometa saba kwa miguu. Walifika wamechelewa, vumbi mpaka magotini, na wamama fulani hawakunisalimia.